Mahameli ya pamba ya Mchangani, niliyoipima kwa bakteria wa waridi

Nianze na bei, maana kila niliyemwonesha kitambaa hiki aliuliza bei kabla ya kuuliza kazi yake. Mahameli ya pamba, nyeusi, upana sentimita 115, shilingi 22,000 kwa mita, duka dogo la vitambaa Mchangani, hapa mjini Unguja. Nilinunua mita mbili mwezi wa Shaaban. Mpaka leo vipande vyake vimeshachemshwa, kufuliwa na kukaushwa zaidi ya mara ishirini na bado vinafanya kazi. Kabla yake nilinunua mahameli nyengine mbili pahala pengine, za bei nafuu, zikanipotezea wiki tano za kazi. Ndiyo sababu naandika: yeyote mwenye kazi kama yangu asipite nilikopita.

Kazi yenyewe si ya kushona. Mimi ni fundi wa maabara, na sasa nasoma shahada ya uzamili. Mahameli naitumia kuhamisha bakteria kutoka sahani moja kwenda nyengine bila ya kuwavuruga mahali walipokaa. Unakivisha kitambaa kigogo cha mbao cha duara, unakigeuzia sahani yenye makoloni ya bakteria (vidoa vya bakteria waliozaliana pahala pamoja), unabonyeza kidogo, unaiondoa. Vinyweleo vya mahameli vinakuwa vimechukua bakteria wachache kutoka kila koloni. Halafu unachukua sahani mpya yenye chakula chengine, unaibonyeza juu ya kitambaa kile kile, kama mtu anayepiga muhuri. Koloni lililokuwa upande wa kushoto juu linaota upande wa kushoto juu. Ukiweka sahani mbili pamoja utaona nani ameota huku na kushindwa kule. Aliyeshindwa ndiye ninayemtafuta.

Njia hii waliieleza Joshua na Esther Lederberg mwaka 1952, Wisconsin, Marekani, na kwa kitambaa hiki walionesha jambo kubwa: bakteria sugu wa dawa wanakuwemo tangu kabla ya kukutana na dawa yenyewe, dawa inawachagua tu. Joshua alipata tuzo ya Nobel mwaka 1958 pamoja na Beadle na Tatum. Esther hakuwemo. Mimi kila ninapokunjua kipande cha mahameli humkumbuka yeye kwanza.

Bakteria wangu wanakaa juu ya majani. Chuma jani la kunde shambani, libonyeze juu ya aga (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye chumvichumvi za madini na methanoli, aina ya alkoholi, peke yake, liondoe, ngoja siku nne au tano kwenye nyuzijoto 30. Utaona vidoa vya rangi ya waridi vimejipanga kwa umbo la jani lile. Hao ni Methylobacterium. Jani linapokua, pektini iliyomo kwenye kuta za seli zake inaachia methanoli kidogo kidogo, na hawa wanaila. Nilijaribu pia jani la mkarafuu nililotoka nalo kwetu Wete, Pemba. Lilinipa vidoa viwili tu. La kunde lilijaa mpaka ukingoni.

Methanoli ina kaboni moja tu. Sukari ina sita zilizokwisha kuunganishwa, lakini anayeishi kwa methanoli lazima aunganishe kaboni moja moja mpaka apate kila kitu cha mwili wake, na kwa hiyo ana vimeng'enya, yaani protini za kuendesha kazi za kikemia, maalumu vya kazi hiyo. Ukitaka kujua kimeng'enya fulani kinafanya nini, njia ya zamani na imara ni kumtafuta bakteria aliyekipoteza, kisha uangalie anashindwa nini. Huyo ndiye mutanti. Mutanti wa aina yangu anaota vizuri akipewa saksineti, chakula chenye kaboni nne, lakini ukimpa methanoli peke yake anakaa kimya.

Zipo njia za mkato. Mwaka 1986 Nunn na Lidstrom walitenga mutanti wa Methylobacterium walioshindwa kuchoma methanoli, na wakawagawa kwenye makundi kumi. Kumi, kwa hatua moja tu ya kugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi! Siku niliyolisoma hilo nilikaa muda mrefu nikiliwaza, kwani kwenye vitabu vyetu hatua hiyo ni mshale mmoja. Kumbe kimeng'enya kinataka kiambata chake, kinataka protini ya kupokea elektroni, kinataka wa kukiunganisha na wa kukiamrisha, na kila mmoja wao akikosekana kazi inasimama. Nunn na Lidstrom walitumia alkoholi ya alili: bakteria mzima anaigeuza kuwa akrolini, ambayo ni sumu, anakufa, na aliyepoteza kimeng'enya anabaki hai. Ni njia safi na ya haraka. Lakini alkoholi ya alili ni sumu kwa binadamu pia, na kabati la kuvutia hewa tulilonalo siliamini. Mwalimu wangu alikataa nami nikakubaliana naye. Tukabaki na mahameli.

Sasa hizo mbili za mwanzo.

Ya kwanza niliichukua kwa macho. Ilikuwa inang'aa, laini, rangi ya zambarau, shilingi 9,000 kwa mita. Muuzaji aliniambia ni mahameli halisi, na mimi sikujua kuwa kuna cha kuuliza zaidi. Ilikuwa poliesta. Haikuyeyuka kwenye otoklevu, chungu cha maabara cha kuulia vijidudu kwa mvuke wa presha, maana nyuzijoto 121 haziiyeyushi, lakini vinyweleo vilitoka vimelala upande mmoja na havikusimama tena. Kubwa zaidi, haikunywa maji. Uso wa aga una unyevu kidogo siku zote. Pamba inaufyonza, poliesta inauacha juu, na unyevu ule unawaburuta bakteria kutoka koloni moja mpaka jengine. Sahani zangu zilitoka na michirizi ya waridi kama mtu aliyepitisha kidole. Nilidhani mkono wangu ndio mbaya. Nikarudia mara sita, tena na tena, mpaka mwenzangu mmoja alipopiga tone la maji juu ya kitambaa na tone likakaa mviringo, halikuingia.

Ya pili ilikuwa na pamba kwa kiasi kikubwa, ikafyonza vizuri, na michirizi ikaisha. Tatizo lake lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. Makoloni yote yaliota kwenye methanoli. Yote. Nilipiga sahani kumi na mbili sikupata hata mutanti mmoja wa kumshuku. Mtu anaweza kusema hiyo ni bahati, mutanti ni wachache. Lakini niliingiwa na wasiwasi, nikatengeneza aga isiyo na kaboni yoyote, chumvichumvi tu, nikapiga muhuri juu yake kwa kitambaa kile. Wakaota! Waliota sawa na kwenye methanoli. Makoloni hayo hayo nilipoyahamisha kwa kijiti cha meno kwenye aga ile ile, yaliacha ukungu mwembamba tu, ule wa kawaida, maana aga yenyewe haikosi uchafu wa kuwalisha kidogo. Basi chakula kilitoka kwenye kitambaa. Nilichemsha kipande kwenye maji, nikaacha maji yapoe, nikadondosha iodini. Maji yakageuka buluu nzito: wanga. Kitambaa kipya hutiwa wanga kiwandani kikae kigumu na kipendeze dukani, na pamoja na wanga kuna mafuta na vilainishi. Siwezi kusema ni kipi kati ya hivyo walichokula. Ninachosema ni kuwa nilikiosha kitambaa kile mara nne na maji bado yalikuwa yanageuka buluu, nikakiacha.

Ya tatu nilienda na masharti. Niliingia duka hili la Mchangani asubuhi, nikamkuta mzee wa makamo amekaa nyuma ya meza, majora yamepangwa mpaka darini.

"Ami, shikamoo. Nataka mahameli ya pamba, pamba tupu."

"Marahaba mwanangu. Ya mito ya harusi au ya kufunikia msahafu?"

Nilimwambia ya kazi ya skuli, ya maabara, na kwamba itachemshwa mara nyingi. Hakucheka wala hakuona ajabu. Alisema ya mito basi haifai, hiyo ni ya nailoni. Alishusha jora moja jeusi lililokuwa juu kabisa, lina vumbi, akavuta uzi kutoka kwenye pindo, akawasha kiberiti. Uzi uliungua taratibu, ukaacha jivu jepesi, ukanuka karatasi iliyoungua. Kisha akavuta uzi wa jora la pembeni, akauchoma nao. Ule ulijikunja, ukayeyuka, ukawa kijidonge cheusi kigumu. Aliniwekea vyote viwili juu ya gazeti. "Tazama mwenyewe." Hakunisukuma kununua. Aliniuliza vipande ninavyotaka vina ukubwa gani, nikamwambia sentimita 15 kwa 15, akanihesabia kuwa mita mbili zitatoa vipande saba kwa upana na kumi na tatu kwa urefu. Vipande 91. Shilingi 44,000 ukigawa, kipande hakifiki shilingi 500. Akanishauri pia nimpelekee fundi cherehani anipigie ovaloki pembeni kabla ya kufua, kwa sababu mahameli ya pamba ikikatwa hufumuka. Kwa duka la vitambaa, hii ndiyo huduma ninayoitaka: muuzaji anayeijua bidhaa yake na kuuliza inakwenda kufanya nini.

Nyumbani niliichemsha na magadi ya kufulia, nikasuuza, nikarudia mara tatu. Rangi nyeusi ilichuja sana mara ya kwanza, kidogo mara ya pili, mara ya tatu maji yalitoka meupe. Iodini haikubadilika rangi tangu suuzo la pili. Usitie sabuni ya unga yenye manukato wala kilainishi cha nguo, utarudi kule kule kwenye kuwalisha bakteria. Kisha nikapiga muhuri kwenye aga isiyo na kaboni: ukungu mwembamba tu, sawa na kijiti cha meno. Hapo ndipo nilipojua kuwa nina kitambaa.

Kigogo nilichongewa na fundi seremala wa Daraja Bovu kwa kipande cha mvule kilichobaki kwenye mlango. Kipenyo sentimita 8, kiingie ndani ya sahani ya sentimita 9 bila ya kugusa ukuta. Kitambaa kinakazwa kwa mpira mpana. Muhimu ni juu pawe tambarare kabisa. Kigogo cha kwanza kilikuwa na mwinuko kidogo katikati, makoloni ya pembeni hayakushika, fundi akakisawazisha bila ya malipo.

Kipimo cha mahameli kwa kazi yangu si muhuri mmoja. Mimi nataka mihuri minne kwa kitambaa kimoja, kutoka sahani mama moja. Kwanza methanoli. Pili methilamini, ambayo nayo ina kaboni moja lakini inapita mlango mwengine. Tatu saksineti iliyochanganywa na methanoli. Mwisho kabisa saksineti peke yake, ambapo kila mzima anapaswa kuota. Hiyo ya mwisho huwekwa mwisho kwa makusudi: koloni likionekana hapo, unajua kitambaa kilikuwa bado na bakteria wa kutosha, na kwa hiyo waliokosekana kwenye sahani za mbele hawakukosekana kwa sababu ya kitambaa kuishiwa. Mahameli yenye vinyweleo vifupi mno huishiwa muhuri wa tatu. Hii ilifika wa nne, na nilipojaribu wa tano na wa sita bado makoloni yalitoka, ingawa wa sita yalianza kuwa na mapengo. Kwa hili peke yake ningeipa alama zote.

Ili nipate mutanti, nilipiga bakteria wangu mionzi ya urujuanimno, taa ya nanomita 254, kwa muda nilioutafuta kwa majaribio mpaka wakabaki wachache sana hai, halafu nikawafunga kwa karatasi ya foili wakae gizani. Gizani, kwa sababu mwanga wa kawaida huwasaidia kurekebisha DNA iliyoharibika na kazi yote inapotea. Nikawamwaga kwenye sahani mama thelathini zenye saksineti, kila moja na makoloni kama mia. Sahani mia na ishirini za kupigia muhuri. Aga peke yake ilinila pesa kuliko kitambaa. (Mama mmoja jirani yetu, mkulima wa mwani wa Jambiani, aliniuliza kwa nini tunaagiza aga kutoka nje na mwani tunaulima wenyewe. Ni swali la haki kabisa. Mwani tunaoulima, ule wa spinosamu na wa kotoni, unatoa karajinani, si aga. Aga inatoka kwenye mwani mwekundu wa jamii nyengine. Nilimweleza hivyo, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi mwanangu tuleteeni na mbegu ya huo." Sijalisahau.)

Methanoli naitia baada ya aga kupoa kufikia nyuzijoto 50 hivi, nusu mililita kwa kila mililita mia. Inachemka kwenye nyuzijoto 64.7, ukiitia mapema inaruka yote na wewe unaivuta. Mbali na taa ya spiriti, tafadhali.

Katika makoloni karibu elfu tatu, niliwashuku kumi na wanne. Niliwarudia mmoja mmoja kwa kijiti cha meno. Tisa walikuwa wa uongo: koloni lilikuwa dogo, au lilikaa kwenye mkunjo wa kitambaa. Watano walibaki.

Wawili wanaota kwenye methilamini lakini hawaoti kwenye methanoli. Hao tatizo lao liko mlangoni, kwenye kugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, yale makundi kumi ya 1986. Methilamini haipiti mlango huo, ndiyo maana inawafaa. Lakini sijasema bado kuwa wamepoteza kimeng'enya chenyewe. Tena kuna jambo jipya hapa: katika miaka ya 2011 hadi 2014 ilidhihirika kuwa bakteria hawa wana kimeng'enya chengine cha methanoli kinachofanya kazi kwa lanthanidi, madini ambayo watu wa zamani hawakuwa wakiyatia kwenye chakula cha bakteria kwa kuwa hakuna aliyedhani yana kazi kwa kiumbe hai. Kile cha zamani kinatumia kalisi. Kwa hiyo hawa wawili itabidi niwapigie muhuri tena kwenye methanoli yenye chembe ya lanthanamu, mojawapo ya madini hayo. Akiota mmoja wao, mlango wa pili umemfungukia.

Wawili wengine hawaoti kwenye methanoli wala methilamini. Mlango kwao yaelekea ni mzima, kilichovunjika huenda ni ndani, kwenye mzunguko wa serini, ambamo kaboni moja inaunganishwa na glisini, yenye kaboni mbili, ili kupata serini yenye tatu. Kimeng'enya kinachofanya hivyo kimo pia kwenye seli zako wewe msomaji, na kinategemea foleti, ile ile ya vidonge vya asidi ya foliki wanavyopewa waja wazito. Na septrini tunayoijua sote inaua bakteria kwa kuwakatia njia hiyo hiyo ya foleti. Mtu akiniuliza bakteria wa jani la kunde wana faida gani, namjibu kwa mfano huo.

Kuhusu mzunguko huo kuna kisa ninachokipenda. Bakteria aliyesomwa kuliko wote katika jamii hii anaitwa AM1, alitengwa Oxford na Peel na Quayle, waliomwandika mwaka 1961. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipatikana mutanti wa AM1 walioshindwa kula vyakula vya kaboni moja na hata vya kaboni mbili, lakini wakipewa kidogo gliokisileti, kiambata kimoja cha mzunguko huo, wanaota. Maana yake bakteria ana njia ya kuitengeneza upya gliokisileti na mutanti amepoteza kipande chake. Njia gani? Ile iliyojulikana kwa bakteria wengine AM1 hana kimeng'enya chake. Watu walihangaika zaidi ya miaka thelathini. Jibu lilipatikana mwaka 2007, Ujerumani, kwa bakteria mwengine kabisa, Rhodobacter sphaeroides, na mwaka 2009 likathibitishwa kwa AM1 mwenyewe. Wale mutanti wa zamani walikuwa wameshasema ukweli muda wote huo. Ndiyo maana hawa wawili wangu sitowatupa hata nisipojua leo wamepoteza nini. Wamo kwenye friji, nyuzi 80 chini ya sifuri, kwenye gliseroli.

Wa tano ndiye aliyenikosesha usingizi. Kwenye saksineti anaota vizuri, waridi kabisa. Kwenye saksineti yenye methanoli anakufa. Chakula anacho, tena kile anachokiweza, lakini methanoli ikiwepo inamuua. Maelezo ninayoyaona ni kuwa mlango wake uko wazi, anaigeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha hana wa kuiondoa. Fomaldehaidi ndiyo tunayohifadhia vipande vya nyama hospitali. Inamjaa ndani na kumuua. Njia anayotumia bakteria mzima kuiondoa ilielezwa mwaka 1998, na ajabu ni kuwa viambata vyake vilikuwa vinajulikana kwa viumbe wanaotengeneza gesi ya methani, huko kusiko na hewa kabisa. Bila ya muhuri wa tatu nisingemjua. Na bila ya kitambaa kinachofika muhuri wa tatu na wa nne kikiwa bado na bakteria, nisingethubutu kumwamini.

Kasoro za mahameli hii zipo. Inatoa nyuzinyuzi mara tatu nne za mwanzo, na uzi mmoja ukibaki juu ya aga unaonekana kama kuvu. Piga brashi kila kipande kabla ya kukifunga. Vinyweleo vina mwelekeo, kwa hiyo weka alama kwa uzi mweupe upande mmoja ili kila mara ukivishe kigogo vivyo hivyo. Vipande nilivyovipeleka bila ya ovaloki, nilipotaka kuokoa pesa, vimeshafumuka vinane. Na ukaukaji: masika hapa kwetu pamba haikauki. Kitambaa kibichi ni kibaya sawa na ile poliesta, kinaburuta. Mimi vikitoka kwenye otoklevu, vikiwa vimefungwa kwa foili, naviingiza kwenye oveni ya nyuzijoto 70 usiku kucha. Umeme ukikatika usiku, kesho yake sipigi muhuri, naahirisha. Siku ambazo otoklevu ina foleni natumia sufuria la presha la nyumbani, dakika ishirini na tano tangu lianze kupiga, na sijapata uchafu hata mara moja.

Duka nalo lina la kulalamikia: hii ya pamba haiji kila mara. Ami aliniambia jora lile alikuwa nalo muda mrefu kwa kuwa maharusi wanataka inayong'aa. Rangi ni nyeusi tu na damu ya mzee. Chukua nyeusi, utaona uzi na utaona makoloni. Na usiende kati ya Adhuhuri na Alasiri, utakuta mlango umefungwa.

Nilirudi wiki iliyopita kumchukulia mwenzangu wa Wete, anayefundisha baiolojia, mita moja. Nilimwonesha ami picha ya sahani kwenye simu, ile ya saksineti na ile ya methanoli, nikamwekea kidole kwenye pengo. Aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena. Akauliza, "Na huyu asiyekuwepo hapa, huku yupo?" Nikamwambia ndiye huyo. Akakata mita moja na robo, akanitoza mita moja, na kilichobaki kwenye jora akakikunja na kukiweka chini ya meza. Nilikadiria mita sita. Amesema atakiweka mpaka mfungo mosi. Atakayekwenda amwambie anataka ile ya kuchoma kwa kiberiti, ataelewa. Ya mwenzangu imepanda boti ya asubuhi.